Mikunjo ya Amerikani

Siku ile tulikuwa watu sita ndani ya nyumba. Baba mkubwa Sefu, kaka yake marehemu baba, dereva wa lori, alikalia kiti chetu pekee chenye mgongo. Shangazi Mwamini, dada yao, muuza maharagwe wa soko la Mahoko, alikaa mkekani na miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Mdogo wangu Ramadhani, aliyerudi likizo kutoka shule kubwa ya kusini, alisimama mlangoni kama mtu anayetaka kutoka. Zaina, anayemfuata, alimenya viazi kwenye kizingiti cha jikoni ili asikose neno. Salumu, kitinda mimba, alikuwa amelala mgongoni kwangu. Na mimi, mkubwa wao, nilisimama nyuma ya cherehani ya baba, mkono juu ya gurudumu lake, kana kwamba mtu angekuja kuichukua. Baba alikuwa ametangulia zamani. Arobaini ya mama ilikuwa imesomwa wiki hiyo.

Yote haya yalinirudia juzi kwa sababu ya pua. Nilifungua jora jipya la amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, na ule wanga wake ukanipanda kichwani: harufu kavu, kama unga uliokaa karibu na moto. Ninyi mliokua wakati wetu mnaijua. Ni harufu ya Idi, ya sare, na ya sanda pia. Kwangu mimi ni harufu ya likizo ile moja, ambayo nusura tugawanywe kama vyombo vya marehemu.

"Bon," alisema Baba mkubwa. "Kilio kimeisha. Sasa tupange maisha. Ramadhani atapanda kamyo yangu na mi, ajifunze kazi. Zaina aende Mahoko kwa shangazi yake. Huyu mudogo nitamupeleka Goma kwa binamu yetu, iko mutu muzuri, Mungu hakumupa mutoto. Na we, binti yangu, iko mutu wa Cyanzarwe ameniuliza juu yako. Iko na ng'ombe. Si muzee sana."

"Si muzee?" alidakia Shangazi. "Sefu, yule mutu anakula ndizi kwa kijiko."

"Ng'ombe wake hawaulizi meno, Mwamini."

Zaina alicheka, akajifunika mdomo kwa kiazi. Mimi sikucheka. Nilisikia Salumu anapumua shingoni mwangu, pumzi ya moto ya mtoto aliyelala, nikasema, "Baba mkubwa, hatutagawanywa."

"Nani atawalisha?"

"Cherehani."

"Musichana gani umemuona hapa Gisenyi anashonea wanaume suruali?"

"Huyu uliye mbele yake."

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona barabara nyingi na watoto wengi wa njiani, akaogopa tuwe miongoni mwao. Alinitazama, kisha akamgeukia Ramadhani. Alijua pa kunishika. Ramadhani alikuwa ameanguka hesabu za herufi, zile ziitwazo aljebra. Shule ilimruhusu kuzirudia kabla tu ya muhula kufunguliwa. Akianguka tena, nafasi yake ingepewa mwingine na yeye angerudishwa nyumbani na lori lililompeleka.

"Haya," alisema. "Akishinda huo mutihani, nitasema nyumba hii iko na kichwa, na sitaigusa. Akianguka, nagawa watoto, na hakuna mutu atanilaumu."

"Umesema mbele yangu," alisema Shangazi. "Nimesikia kwa masikio yote mawili."

Kwa hiyo maisha yetu wanne yalitundikwa kwenye vinamba vidogo vilivyoandikwa juu ya herufi. Jioni ile nilimwambia Ramadhani anionyeshe hicho kilichomwangusha. Mimi nilikuwa nimeacha shule ya masista darasa la nne, mama alipoanza kuugua. Nilijua kusoma, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na hapo ndipo dunia yangu ya hesabu ilipoishia. Alinifungulia kitabu kwa unyonge. Niliona a², a³, a⁵, mistari na mistari, na chini yake maneno ya Kifaransa yaliyosema: rahisisha.

Niwaambie nilichoona, maana akili ya mtoto hutafuta kitu inachokijua. Niliona akina mama waliobeba watoto. Herufi kubwa imesimama chini, na namba ndogo imepanda mgongoni, juu kidogo, upande wa bega, vilevile nilivyokuwa nikimbeba Salumu. Herufi isiyo na namba niliihesabu kuwa mama asiye na mtoto, anayetembea mikono mitupu. Nilimweleza Ramadhani, akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mazishi, nikamwacha acheke.

"Dada, hii si klinik ya masista. Hii namba ndogo inaitwa kipeo. Inasema herufi imezidishwa na yenyewe mara ngapi."

"Basi nifundishe."

"We?"

"Mimi. Usichoweza kunieleza mimi, hukijui."

Tulianza kesho yake baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo wateja hulala. Yeye akiandika kwa chaki ya fundi kwenye ubao wa kukatia, mimi nikikanyaga cherehani na kuuliza. Tulikwama palepale alipokwama shuleni. Alipokutana na a² × a³, aliandika a⁶. Nilipouliza kwa nini, alisema, "Si imeandikwa kuzidisha? Donc, basi unazidisha." Niliona ni sawa kabisa. Majibu ya nyuma ya kitabu yalisema a⁵. Tuliamua kitabu kimekosea. Tulipofika swali la tano tukiwa tunabishana na kitabu kwa kila jibu, Ramadhani aliitupa chaki uwanjani, kwenye mchanga mweusi.

"Mi naenda na kamyo," alisema. "Iko kazi ya mwanaume. We mwenyewe si uliacha shule? Mbona hukufa?"

Nilienda nikaiokota chaki. Lakini asubuhi iliyofuata Zaina alikuja mbio: Ramadhani alikuwa tayari juu ya lori la Baba mkubwa, amekaa juu ya magunia ya viazi vya Bugeshi, anacheka na wapakiaji. Nilimfunga Salumu mgongoni nikashuka hadi sokoni. Baba mkubwa alikuwa ameenda kunywa chai. Nilisimama mbele ya lori, kati ya taa zake mbili.

"Shuka."

"We bibi ya cherehani!" alipaza sauti mpakiaji mmoja. "Muache mwanaume apate kifua! Ama unataka kumushonea gauni?"

Wote wakaangua kicheko. Jua lilipanda. Baba mkubwa alirudi, akaikoromesha injini, akapiga honi. Salumu akaamka akalia. Sikusogea. Nilimsikia Baba mkubwa akimwambia mtu, "Huyu ni marehemu mama yake mutupu," kisha akazima injini. Ramadhani alishuka akiwa na vumbi la viazi usoni, akatangulia nyumbani bila kunitazama, na mimi nyuma yake.

Alinuna siku kadhaa. Na bila yeye kununa vile, sidhani tungepata tulichokipata. Nilikuwa nimepewa kazi na mwenye duka mmoja: mifuko ya kaptura, mingi, ya amerikani nyeupe. Baba alinifundisha kwamba mifuko haikatwi mmoja mmoja. Unachukua kipande kirefu, unakikunja katikati, unakikunja tena, na tena, kisha mkasi unapita mara moja na mifuko inatoka pamoja kama mapacha. Mkasi wetu uliweza mikunjo mitatu. Nilikunja mitatu, nikabana kwa pini, nikaenda kupepea mkaa wa pasi. Niliporudi nilikuta kitambaa kimekuwa kitu kinene kama mkate.

"Nani ameharibu kazi yangu?"

"Mi nakusaidia," alisema Ramadhani bila kuinua uso. "Ulikunja tatu. Nimeongeza mbili."

"Mkasi utapita wapi hapa? Tabaka ngapi hizi?"

Swali hilo alilipenda. Hatimaye nilikuwa nimemuuliza kitu anachokijua. "Kila mukunjo unazidisha kwa mbili. Donc ni vipeo. Tatu mara mbili, sita. Mbili kipeo sita ni sitini na ine. Pole, Dada. Chukua shoka."

Na mimi nilimwamini. Nilichukua sindano, nikaanza kuhesabu kingo upande ulio wazi, nikiinua moja moja, kwa nia ya kujua tu nimeharibikiwa kiasi gani. Nilifika thelathini na mbili, kitambaa kikaisha.

"Umeruka," alisema.

"Hesabu wewe."

Alihesabu. Thelathini na mbili. Alimwita Zaina, ambaye hakuwa na upande katika ugomvi huo, naye akahesabu kwa kidole chenye maji ya viazi na kuacha alama kwenye amerikani yangu. Thelathini na mbili. Ramadhani alikichukua kile kitambaa, akakigeuza, akakinusa hata. Kisha akafungua mikunjo yake miwili taratibu, akairudisha tena, midomo ikicheza.

"Nane," alisema. "Hapa zilikuwa nane. Mi nikazifanya mara ine. Nane mara ine… Tabaka ndizo zinazidishana. Lakini mikunjo… Dada, mikunjo ni mitano tu. Mitatu yako, miwili yangu. Mitano!"

"Namba ndogo ni mikunjo," nilisema.

"Na mikunjo tunajumlisha tu! Ye baba we! Mwaka muzima nimezidisha mikunjo!"

Sijui kama niliwahi kumwona mtu amefurahi hivyo kwa kukosea. Siku ile mifuko ya mwenye duka ilisubiri. Tulikunja kila kilichokunjika ndani ya nyumba. Tuligundua kwamba kukunjua ndiko kugawanya: mikunjo mitano, ukikunjua miwili, inabaki mitatu, kwa hiyo a⁵ ÷ a² ni a³, na kitabu kilikubali. Tulimwagiza Zaina akunje mara mbili, kisha tukamwambia arudie agizo hilohilo mpaka limetimia mara tatu. Ilikuwa mikunjo sita. Hapo sheria ya Ramadhani ya kuzidisha ilifaa, pale kipeo kinapopanda juu ya kipeo, (a²)³. Haikuwa sheria ya uongo. Ilikuwa imeingia nyumba isiyo yake.

Nilitaka kujua kwa nini waandike herufi badala ya mbili, ikiwa kila mkunjo ni mbili. Alikuna kichwa. Zaina ndiye aliyekuwa amejifunga mtandio wa mama, ule tuliokuwa tukiukunja sehemu tatu tatu ili usiteleze. Nikauchukua. Mkunjo mmoja wa namna hiyo unatoa tabaka tatu, wa pili tisa. Sheria ileile, kitambaa kingine.

"Donc herufi ni namna ya kukunja," alisema Ramadhani. "Yoyote. Na namba ndogo ni mara ngapi."

Ndipo tukaelewa pia kwa nini a² × b³ inaachwa kama ilivyo: mikunjo ya nusu na mikunjo ya theluthi haiwekwi kapu moja.

Kosa langu mimi lilijitokeza siku nyingine. Alinipa a × a³, kunijaribu, maana sasa alikuwa mwalimu na alianza kutembea kama mwalimu, mikono nyuma. Nilijibu a³. Yule mama wa kwanza hana mtoto mgongoni, nilimwambia, hawezi kuongeza kitu. Hakucheka safari hii. Alichukua kitambaa, akakikunja mara moja, akanipa.

"Huu umekunjwa au haukukunjwa?"

"Umekunjwa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Basi iko moja pale. Hawaiandiki tu. A peke yake ni a kipeo moja. Jibu ni a⁴."

Nilibaki na kitambaa mkononi muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Tangu mama afariki, kila aliyetuuliza tuko wangapi nilimjibu, watoto watatu. Ramadhani, Zaina, Salumu. Nilipika hivyo, nikapakua hivyo, nikala ukoko. Usiku ule nilipakua sahani nne. Zaina aliniuliza mgeni ni nani.

Lakini kilichotushinda kwa siku nyingi kilikuwa a⁰. Ramadhani alijibu sufuri. Kitabu kikajibu moja. Alisema mwalimu wao Mbelgiji aliwaambia wakariri tu, na yeye alikuwa amekariri, ila kila alipofika kwenye karatasi mkono wake ulikataa. "Kipeo sufuri, hakuna kitu. Itakuwaje moja?" Hata mimi nilikataa. Kitu ambacho hakipo kitaachaje kitu?

Nilikuwa nimekunja amerikani mikunjo mitano siku hiyo, kwa mazoea tu, nikaanza kuikunjua huku nikifikiri. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne. Wa tano. Nikakitandaza chote juu ya meza, nikakipitishia kiganja. Hakuna mkunjo hata mmoja uliobaki, ila mistari hafifu.

"Ramadhani. Mikunjo mingapi hapa?"

"Sufuri."

"Na tabaka?"

Aliinama. Aliweka kiganja chake kando ya changu. Salumu, aliyekuwa chini ya meza, alichungulia kutaka kujua tumeona nini.

"Moja," alisema Ramadhani. "Kitambaa chenyewe."

Tulikuwa watoto tuliokunjuliwa kila kitu mwaka ule, na kitambaa chenyewe kilikuwa pale mezani. Sijui kama yeye aliwaza hivyo, mimi niliwaza.

Kuanzia hapo nilimsukuma bila huruma. Nikishona nilimtajia, naye ajibu kabla sindano haijafika mwisho wa mshono. "A kipeo tano, zidisha kwa a kipeo mbili, gawanya kwa a kipeo saba?" "Moja!" Salumu alilipenda neno hilo, akawa analijibu kwa kila swali, hata akiulizwa kama ameshiba. Ramadhani akikosea, alipepea pasi. Alipepea sana mwanzoni. Mwisho wa likizo mimi ndiye niliyekuwa napepea.

Aliondoka na lori la shule asubuhi ya ubaridi, amevaa kaptura niliyomshonea. Baba mkubwa alikuja kumuaga, akaniambia kwa upole, "Kama atarudi na lori hili, usilie mbele ya watoto. Mi nitawachukua polepole."

Mpango wa shule ulikuwa huo: waliofaulu wanabaki, walioanguka wanarudi. Barua isingekuja. Lori lingekuja, na habari ingekuwa juu yake, imekaa kwenye sanduku lake la bati.

Siku ya lori nilishona kola moja, nikaifumua, nikaishona tena. Zaina alimwogesha Salumu bila kuambiwa. Baba mkubwa alifika mapema, akakaa kwenye kile kiti, akavua kofia. Barabara ya kusini inapita Mahoko kabla ya kufika kwetu, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameahidi kulisubiri lori pale na kupanda, ili mtoto akirudi na aibu asiingie mjini peke yake.

Tulimsikia Shangazi kabla ya kumwona. Lori lilisimama kwenye kona na sauti ya Shangazi ikatangulia, ya mtu aliyefiwa.

"Yoo! Yoo, ndugu zangu! Mutoto hayuko! Nimetafuta lori lote, nimeinua maturubai, hayuko! Wamemupoteza mutoto wa kaka yangu!"

Baba mkubwa alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Mimi nilikuwa tayari nje.

"Shangazi! Hayuko kabisa?"

"Hayuko, mwanangu! Wamerudi vijana wawili tu, nimewashika masikio nimewauliza, wanasema amebaki! Amebaki wapi mutoto mudogo vile?"

"Hayuko!" nilipiga kelele. "Zaina, hayuko!"

Zaina akaanza kuruka. Salumu akaruka kwa sababu Zaina anaruka. Shangazi alitutazama na machozi yake kama watu walioingiwa na wazimu, mpaka Baba mkubwa akamshika bega.

"Mwamini, nyamaza. Kubaki ndiko kushinda. Mutoto ameshinda."

"Ameshinda?" Alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Na mi nimelia kutoka Mahoko mpaka hapa bure? Dereva amenipa na maji!"

Baba mkubwa aliinua kile kiti, akakirudisha mahali pake, lakini hakukikalia tena. Alinitazama nimesimama uani, akasema, "Nilisema mbele ya mashahidi." Siku chache baadaye alileta suruali yake ya kazi, iliyochanika magotini, akaiweka juu ya cherehani bila neno, mchana, wateja wengine wakiona. Wanaume wengine wakafuata. Tulibaki wanne nyumba moja mpaka kila mmoja alipotoka kwa mlango wake mwenyewe na kwa hiari yake.

Likizo iliyofuata Ramadhani alirudi amerefuka, na sauti imevunjika. Nilikuwa nimetunza swali muda wote huo. Nilimsubiri ale, apumzike, kisha nikamwita kwenye ubao wa kukatia.

"Tunakunja mara moja, mara mbili, mara sufuri," nilimwambia. "Je, kipeo kinaweza kuwa nusu? Nimejaribu kukunja nusu ya mkunjo. Kitambaa kinanikatalia. Kinasimama tu wima kama sikio la sungura."

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu aliyekuta mlango nyumbani kwao ambao hakujua upo.

"Iko, Dada," alisema. "Niliona kwenye kitabu cha wakubwa. Herufi imebeba moja juu ya mbili. Lakini bado hatujafika, na mi sitaki kukudanganya. Tukifika, nitakuletea. Naapa."

Alifika. Nilijua amefika, maana alipanda madarasa yote, akawa mwalimu, akapelekwa kufundisha Bukavu, ng'ambo, kwenye mwisho wa pili wa ziwa la kwetu. Amewafundisha watoto wa watu wengi mno. Kwangu huja kwa arusi na kwa misiba, nyumba imejaa, vyungu vimejaa, na nikimkumbusha anacheka na kusema, "Dada, hiyo inataka mchana mzima na kitambaa kizuri." Kisha mtu anamwita.

Majuzi kijana mmoja mwalimu wa mtaani aliposikia kisa hiki alitaka kunieleza palepale, akaanza hata kutafuta karatasi. Nilimkataza. Aliyeniahidi yu hai na ana akili zake timamu. Nimemtumia ujumbe na watu wa boti kwamba kitambaa kipo, kimeshatandazwa, na kwamba ahadi yake sijamsamehe.